Orbitron, Eurostile, Michroma au Exo 2: fonti ipi ibebe maneno yako ya Kiswahili?

Kijana mmoja aliniletea bango la kongamano la teknolojia la Dodoma nilitazame kabla hajalipeleka kuchapwa. Alilisanifu mwenyewe, na rangi zilikaa vizuri: buluu iliyokolea, mwanga kidogo kwa pembeni, picha ya setilaiti. Jina la mji aliliweka juu kabisa kwa herufi kubwa, kwa fonti ya namna ile tunayoiita ya kiroketi, yenye herufi za mraba na pembe za mviringo. Kwenye kompyuta lilivutia. Tukachapa nakala ya A4, nikaibandika ukutani, tukarudi nyuma mpaka mlangoni. Nikamwambia asome.

"Kaka, mbona naona maboksi manne halafu M?"

Hakukosea. D, O, D, O. Herufi nne za mwanzo za DODOMA, zikiandikwa kwa fonti inayolazimisha kila kitu kiingie kwenye mraba, zinakuwa ndugu wanne wa tumbo moja. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza achague fonti gani ya kisasa, ya anga au ya kompyuta, namuuliza kwanza ataandika neno gani. Fonti hizi zilichorwa na Mwitaliano, Mmarekani, Mwingereza na Mreno, na katika kazi nyingi unazoziona zimebeba maneno mafupi, kwa herufi kubwa. Kiswahili kina maneno marefu, kimejaa A, na hakikubali kukatwa ovyo. Inayong'ara kwenye tangazo la kwao inaweza kukuangusha kwenye lako.

Nimechukua nne ambazo watu huniuliza mara nyingi. Moja ni ya kununua na tatu ni za bure. Kabla ya kuingia kwenye moja moja, tuelewane tunazipima kwa nini.

Vigezo

Cha kwanza ni A. Hakuna herufi tunayoitumia zaidi ya hiyo. Chukua neno BARABARA: herufi nane, nne kati yake ni A. Wasanifu wa herufi za kiroketi wanapenda sana kuichezea A, wakaikata mstari wa katikati au kuigeuza geti lenye paa bapa. Mfano unaojulikana ni nembo ya NASA ya mwaka 1975, kazi ya Richard Danne na Bruce Blackburn, ile nyekundu inayoitwa mnyoo. A zake mbili hazina mstari wa kati. Iliachwa mwaka 1992, ikarudishwa 2020, na ni kazi nzuri kweli. Lakini NASA ni herufi nne ambazo dunia nzima inazifahamu. Ukifanya hivyo kwenye "MAANDALIZI YA MAHAFALI", msomaji atahesabu mageti.

Cha pili ni herufi zinazofanana. D na O, B na 8, O na sifuri, 6 na 9. Hapa namaanisha hasa namba ya simu, kwa sababu hakuna bango letu linalokosa namba ya simu, na mtu akikosea tarakimu moja umempoteza mteja.

Cha tatu ni nafasi. "Tunawakaribisha" ni neno moja lenye herufi 15. Mwingereza akitaka kusema hivyo ana maneno matatu mafupi anayoweza kuyapanga juu na chini apendavyo. Sisi neno letu ni treni, linatembea na mabehewa yake yote. Fonti pana italifanya ama liguse kingo za bango, ama lipunguzwe ukubwa mpaka liwe dogo kuliko maelezo ya chini yake.

Cha nne ni unene. Fonti yenye unene mmoja tu hukuacha bila njia ya kutofautisha kichwa, tarehe na mahali. Cha tano ni kitu utakachoandikia: skrini, karatasi, fulana au stika ya kioo. Cha mwisho ni leseni, na hiki tusikipuuze kwa sababu tu hakuna anayekuja kukagua.

Kuna kijambo kingine kidogo, alama ya ritifaa katika ng'. Andika NG'ARA na NG'OMBE kwa kila fonti unayoifikiria. Kwenye fonti za mraba alama hiyo mara nyingi ni kijiti kifupi kilichosimama, na ikibanwa sana hugusana na G ikapotea. Isogeze kwa mkono. Inachukua dakika moja.

Eurostile

*Asili.* Tuanze na bibi yao. Mji wa Torino, Italia, ulikuwa na kiwanda cha herufi za kuchapia, za madini ya risasi, kikiitwa Nebiolo. Mwaka 1952 Alessandro Butti na Aldo Novarese walitoa hapo fonti iliyoitwa Microgramma, yenye herufi kubwa peke yake. Miaka kumi baadaye, 1962, Novarese akaikamilisha: akaongeza herufi ndogo na matoleo mengine, akaiita Eurostile. Umbo lake ni la skrini ya televisheni za zamani. Si mraba kamili wala si duara, pande zake zimevimba kidogo na pembe zimelainishwa. Ukiitazama O yake kwa karibu utaona ule uvimbe mdogo wa ubavuni, na ndio unaoipa uhai. Fonti nyingi zilizoiga baadaye zilinyoosha ubavu huo kwa rula, zikawa baridi.

Filamu ya 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968 iliitumia Eurostile nene na pana kwenye maandishi ya mitambo ya vyombo vya anga, na toka hapo umbo hilo likashikamana na safari za mbinguni vichwani mwa watu. Novarese hakuwa akiandikia roketi. Alikuwa akiandikia viwanda, magari na matangazo ya Italia iliyokuwa ikijijenga baada ya vita.

*Usomaji.* A yake ni hema la kawaida, lenye ncha iliyokatwa kidogo juu na mstari wake wa kati. BARABARA inasomeka. D na O zinatofautiana kwa pembe za kushoto: D ina pembe kali, O imelainishwa. Katika unene wa kawaida tofauti hiyo inaonekana. Katika toleo nene na pana inaanza kupungua. Herufi ndogo zake ni za kuaminika, unaweza kuandika sentensi mbili tatu.

*Nafasi na unene.* Hapa ndipo inapozipita nyingine kwa Kiswahili. Ina toleo jembamba lililobanwa, la kawaida na pana. Neno fupi unaliweka kwenye lile pana, "Tunawakaribisha" unalipeleka kwenye lililobanwa, na bango zima linabaki na damu moja.

*Inapofanya kazi.* Vibao vya chuma, lebo za mashine, nembo za kampuni za uhandisi, namba za milango. Inatulia. Ila mzoefu akiiona atafikiri miaka ya sitini. Ni wakati ujao kama ulivyotazamwa na watu wa jana, na hilo linaweza kuwa uzuri au kasoro kulingana na unachotangaza.

*Leseni.* Inauzwa na kampuni ya fonti ya Monotype. Matumizi ya kompyuta, ya tovuti na ya programu za simu kwa kawaida hulipiwa kando kando. Kuna nakala zinazozagaa mitandaoni, na najua vijana wengi wanazo. Ukisanifia rafiki kadi ya harusi pengine hakuna atakayejua. Ukimsanifia mteja nembo atakayoisajili, umempa mzigo ambao siku moja utamfikia yeye, si wewe. Mwambie gharama mapema, aamue.

*Inamfaa nani.* Kampuni au taasisi inayojenga sura ya kudumu miaka mingi na ina fungu la kulipia.

Orbitron

*Asili.* Matt McInerney, msanifu wa Marekani, aliitoa mwaka 2009 kupitia The League of Moveable Type, kundi linalogawa fonti huria. Nia yake ilikuwa wazi: wasanifu wapate kitu kingine badala ya Eurostile na Bank Gothic, ambazo zilikuwa zimetawala kila hadithi ya anga. Bank Gothic yenyewe ni ya zamani zaidi, ilichorwa na Morris Fuller Benton mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kwa hiyo Orbitron ni mjukuu aliyeamua kuvaa tofauti na bibi.

*Usomaji.* Hii ndiyo iliyotuletea maboksi manne. Imejengwa kwa kisanduku kimoja, na herufi nyingi zimeingizwa humo kwa nguvu. Ndiyo maana inavutia, na ndiyo maana inachosha macho. Ukiandika kwa herufi kubwa tupu, DODOMA, BUKOBA na BARABARA zinataka msomaji asimame atazame. Kwenye bango la barabarani hakuna anayesimama.

Ila kuna dawa, na inashangaza wengi. Andika *Dodoma*, D ya kwanza kubwa, zilizobaki ndogo. Herufi d ndogo ina mkono unaopanda juu, o haina. Papo hapo maboksi yanaachana: moja limesimama na antena, jingine limekaa chini. Tulifanya hivyo kwenye lile bango na kijana akasoma akiwa nje ya mlango. Dawa ya pili ni kuongeza nafasi kati ya herufi, kidogo tu, hasa ukitumia unene mkubwa.

Toleo la kwanza la League lilikuja pia na herufi mbadala nyingi. Kama umbo fulani linakukwaza, fungua orodha ya herufi kwenye programu yako uone kama kuna jingine kabla hujaitupa fonti nzima.

*Nafasi na unene.* Ni pana, ingawa si pana kuliko zote hapa. Ilianza na unene wa aina nne. Ile inayopatikana Google Fonts, maktaba ya fonti za bure mtandaoni, sasa inakwenda kutoka wa kawaida, 400, hadi mzito kabisa, 900. Haina italiki, yaani herufi za kulala. Kwa neno la herufi sita mpaka nane iko nyumbani. Ukivuka kumi, kama "maadhimisho", anza kuipima kwa rula.

*Inapofanya kazi.* Mashindano ya gemu, tamasha la muziki wa kielektroniki, klabu ya roboti ya shule, saa ya kuhesabu siku kwenye tovuti. Kwenye skrini yenye rangi nyeusi na maandishi yanayong'aa iko mahali pake hasa. Kwenye barua rasmi, mwaliko wa harusi au tangazo la zahanati, hapana. Mgonjwa anatafuta saa za kufungua, hatafuti chombo cha anga.

Neno kuhusu namba ya simu: usiiandike kwa Orbitron nzito. Sifuri, nane, sita na tisa zote zinagawana fremu moja, na kwa mbali kinachobaki ni fremu. Iandike kwa fonti nyingine.

*Leseni.* Huria, nitaeleza chini.

*Inamfaa nani.* Mwenye neno fupi, hadhira ya vijana, na tukio la siku chache. Ubaya wake mkubwa ni umaarufu. Imetumika sana kwenye tovuti za gemu na kurasa za teknolojia, kwa hiyo usitegemee ikupe sura ambayo ni yako peke yako.

Michroma

*Asili.* Vernon Adams, Mwingereza, ndiye aliyeichora, akiiangalia ile Microgramma ya Torino. Jina lake huenda hulijui lakini kazi yake umeiona: ndiye aliyechora Oswald, ile fonti nyembamba iliyojaa kwenye vichwa vya habari mtandaoni. Alifariki mwaka 2016, naye aliacha fonti nyingi nzuri ambazo yeyote anaweza kuzitumia bila kulipa senti. Mimi humkumbuka kila ninapozifungua.

*Usomaji.* A ni hema, safi kabisa. Herufi zimepewa upana wa kutosha na matundu ya ndani ya herufi yako wazi, kwa hiyo ikiandikwa ndogo inasomeka kuliko unavyotegemea. Lebo ya kitufe kwenye programu ya simu, neno "KASI" chini ya mshale wa dashibodi, jina la kipimo pembeni ya grafu: hapo Michroma haina shida.

*Nafasi na unene.* Hapa ndipo pagumu. Ni pana kuliko zote nne, na ina unene mmoja tu. "Tunawakaribisha" kwa Michroma ni safari. Kwenye bango lililosimama wima, neno hilo likijaza upana wote, urefu wa herufi zake utakuwa mdogo mno kwa kichwa cha habari. Na usikubali programu ikutengenezee unene wa bandia kwa kubonyeza kile kitufe cha B. Inachofanya ni kupaka wino pembeni mwa herufi, matundu yanaziba, na ule ulaini wa pembe unapotea. Ukitaka kutofautisha kichwa na maelezo, tumia ukubwa na rangi.

*Inapofanya kazi.* Nembo ya neno fupi. ANGA, MWENDO, KASI, JUA. Inaonekana ya gharama bila kupiga kelele.

*Leseni.* Huria.

*Inamfaa nani.* Anayetaka ladha ya Eurostile pana bila kulipa, kwa neno moja au mawili.

Exo 2

*Asili.* Natanael Gama, Mreno, alichora Exo ya kwanza kwa michango ya watu kupitia Kickstarter. Mwaka 2013 akaichora upya yote, akaiita Exo 2, akilainisha mistari ili isomeke vizuri kwa maandishi madogo na marefu.

*Usomaji.* Kati ya hizi nne, ndiyo pekee ninayoweza kuandikia aya nzima bila kumwonea msomaji huruma. A ni A, D ni D. Utaona miaka ijayo kwenye vitu vidogo: mikato, mikunjo ya herufi ndogo, pembe zilizokazwa kidogo.

*Nafasi na unene.* Unene wa aina tisa, kila mmoja na italiki yake iliyochorwa, si ile ya kulazwa na kompyuta. Jumla 18. Na haitanuki kama wenzake. "Wajasiriamali" inakaa, "uwajibikaji" inakaa, na bado unapata nafasi ya kupumua pembeni. Bango zima linaweza kuwa Exo 2: kichwa kwa unene wa 800, tarehe kwa 600, maelezo kwa 400.

Ina pia alama za Kifaransa, é na ç na wenzake. Kwa anayefanya kazi Lubumbashi, Goma au Bukavu, ambako tangazo moja mara nyingi hubeba Kiswahili na Kifaransa, hilo linaondoa usumbufu wa kuazima herufi kwenye fonti nyingine.

*Inapofanya kazi.* Karibu popote: tovuti, ripoti ya mradi, bango la semina, fulana. Jihadhari na unene mwembamba kabisa kwenye kuchapa, hasa maandishi meupe juu ya rangi nzito. Wino hutambaa na kuyameza.

Kasoro yake ni kwamba habari za kesho inazinong'ona tu. Mteja anayetaka watu wageuke atakuuliza, "Sasa hii mbona ya kawaida?" Na kwa kazi yake anaweza kuwa sahihi.

*Leseni.* Huria.

*Inamfaa nani.* Taasisi, shule, miradi, na yeyote mwenye maneno mengi.

Leseni huria inaruhusu nini

Orbitron, Michroma na Exo 2 zote zinatolewa chini ya leseni huria ya fonti ya shirika la SIL. Unaruhusiwa kuzitumia kwenye kazi ya kulipwa, kuzichapa, kuziweka kwenye tovuti au ndani ya programu, hata kuzirekebisha. Ukirekebisha herufi na kutaka kuigawa, toleo lako nalo linabaki chini ya leseni ileile, na huenda ukalazimika kulipatia jina jingine. Usichoruhusiwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Kwa hiyo yule anayeuza "paketi ya fonti 500" kwenye flashi, na hizi zikiwa ndani kama bidhaa, anakuuzia kitu ambacho ungekipata bure kwa kubonyeza mara mbili.

Kwenye mashine ya kukatia stika

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu kazi nyingi za fonti hizi kwetu zinaishia kwenye kioo cha gari, bajaji au mlango wa duka, na huko mambo hubadilika.

Nilikaa na fundi mmoja akikata neno BARABARA kwa stika nyeupe, herufi za urefu wa sentimita tatu hivi, kwa fonti nzito ya mraba. Mashine ilimaliza haraka. Kazi ilianza baadaye. Kila B ina matundu mawili, kila A moja, kila R moja. Zidisha: matundu kumi kwenye neno moja, na kila tundu lazima litolewe kwa ncha ya wembe bila kung'oa herufi. Kwenye fonti ile matundu yalikuwa mipasuko tu, nyembamba kama kijiti cha kiberiti. Alipotoa la nne, mstari wa katikati wa A ukaja nalo. Akaanza upya. Tulipobadilisha tukatumia unene wa kati wa fonti ileile na kuongeza nafasi kati ya herufi, alimaliza bila kuharibu hata moja.

Kwa stika ndogo, basi, epuka pande zote mbili: Orbitron ya 900 itakuziba, Exo 2 nyembamba itakatika wakati wa kubandua. Michroma hukatwa vizuri na mashine kwa sababu matundu yake ni mapana. Eurostile ya unene wa kawaida vilevile.

Na kabla hujatuma faili popote, geuza maandishi yawe michoro. Niliwahi kupeleka bango kwa mchapaji bila kufanya hivyo. Kompyuta yake haikuwa na fonti yangu, ikaweka yoyote iliyoipata, na nilikuja kuona kazi imeshachapwa mita tatu kwa moja na nusu, kichwa cha habari kimekaa kama barua ya ofisini. Gharama ilikuwa yangu, na mteja alikuwa ananisubiri. Baki na nakala ya faili yenye maandishi yanayoweza kuhaririwa, peleka ile ya michoro.

Kwa hali yako

Kama una mashindano ya gemu, usiku wa muziki au maonesho ya roboti, na jina la tukio ni fupi, Orbitron itakupa mlio unaoutaka. Jina tu liwe la Orbitron. Tarehe, mahali na namba ya simu zipe Exo 2.

Kama ni kongamano, semina au mradi wenye kichwa kirefu, aina ya "Maadhimisho ya Wiki ya Ubunifu na Wajasiriamali", chukua Exo 2 na usijaribu kulazimisha nyingine. Ukihitaji cheche, chagua neno moja uliandike kwa Orbitron.

Kama unajenga nembo ya kampuni itakayobandikwa kwenye magari, mabomba na sare kwa miaka, na mteja ana uwezo, mwoneshe Eurostile na bei yake. Kama hana na jina lake lina herufi zisizozidi sita, Michroma itamtunza. Jina likiwa refu, rudi kwenye Exo 2 ya unene mkubwa, uchonge herufi moja tu iwe ya pekee, leseni inakuruhusu.

Kama unatengeneza programu ya simu au dashibodi, Michroma kwa lebo fupi, Exo 2 kwa maelezo. Jaribu kwenye simu ya bei nafuu yenye kioo kilichochubuka, juani, kwa sababu huko ndiko itakakosomwa.

Kama kazi ni ya Muscat au kwingine Ghuba na inahitaji Kiarabu pamoja na Kiswahili, hizi tatu za bure hazina herufi za Kiarabu. Anza kwa kutafuta fonti nzuri ya Kiarabu yenye pembe za namna hiyo, kisha uchague ya Kilatini inayokwenda nayo, si kinyume chake. Exo 2 ndiyo inayokubali jirani kwa urahisi.

Kama umekwama kati ya mbili, andika BARABARA, DODOMA, Tunawakaribisha, NG'ARA na namba yako ya simu kwa kila moja, kwa ukubwa uleule, kwenye karatasi moja. Chapa kwa wino mweusi. Bandika ukutani, rudi nyuma hatua kumi na tano, kisha mwite mtu ambaye hajui umeandika nini.

Yule kijana wa kongamano alifanya hivyo na mdogo wake wa darasa la tano. Bango lililochapwa lina *Dodoma* ya Orbitron, D moja kubwa na herufi zilizobaki ndogo, na kila kitu kingine ni Exo 2.